Chupa na Chujio: Je, Dizeli ya Malori Yetu Inahitaji Dawa?



Kilichonisukuma kuchagua mada hii ni kauli ninayoisikia kila nipitapo kwenye gereji za Ubungo na Mbeya, na sasa hata kwenye semina za wahandisi: kwamba dizeli ya siku hizi ni kavu kwa kuwa imeondolewa salfa, hivyo kila ajazaye tangi sharti amimine na chupa ya dawa, la sivyo pampu inakufa. Kauli hii ina chembe ya ukweli, na hiyo ndiyo iliyoipa umri mrefu.

Chembe yenyewe ni hii. Januari 2015 kiwango cha Afrika Mashariki kilianza kutaka salfa katika dizeli isizidi sehemu 50 kwa milioni. Kiwandani salfa huondolewa kwa haidrojeni, na haidrojeni hiyo hufagia pia misombo ya oksijeni na nitrojeni, ambayo ndiyo hasa iliyokuwa ikishika kwenye chuma na kukilainisha. Sweden ilipotangulia kutumia dizeli ya namna hii mwanzoni mwa miaka ya 1990, pampu ziliharibika kweli.

Wanaotisha watu kwa habari ya Sweden huikatia njiani. Hawasemi kwamba baada ya pampu kufa, wahandisi walikaa wakatunga kipimo, kinachojulikana leo kama ISO 12156-1. Naomba mnivumilie hapa, kwa sababu waraka wa kipimo hiki naupenda kuliko vitabu vingi vya fani yangu. Unachukua mililita 2 tu za dizeli, unazipasha hadi nyuzijoto 60. Ndani yake kuna kisahani cha chuma, na juu yake gololi ya milimita 6 iliyokandamizwa kwa uzito wa gramu 200. Gololi husuguliwa kwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, mwendo wa milimita 1, kwa dakika 75. Kisha unaitoa, unaiweka chini ya hadubini, unapima kovu. Likizidi maikromita 460, dizeli hiyo haikubaliki Ulaya. Marekani huvumilia hadi 520. Kipimo hiki hakimjui muuzaji wala hakisomi lebo.

Ili kukifaulu, wasafishaji huweka kilainishi wenyewe kabla dizeli haijafika sokoni. Dawa, basi, imo tayari. Anayeongeza nyingine pale kituoni anaongeza juu ya kitu asichokijua, kwa kipimo cha kukisia. Na wale wanaomimina oili ya pikipiki kwenye tangi badala ya dawa wakumbuke kwamba oili huweza kuacha majivu, na majivu hayaungui katika chujio la moshi la malori mapya.

Wauzaji wa dawa hudai pia kwamba inaokoa mafuta, na dai hilo ni jepesi zaidi kulivunja. Injini ya dizeli iliyo nzima huunguza zaidi ya asilimia 98 ya mafuta yanayoingia. Nguvu nyingi inayopotea hutokea kwenye ekzosi na rejeta, mahali ambapo chupa haifiki. Anayeahidi kuokoa asilimia 15 kwa “kuunguza vizuri” anagawa kisichokuwepo. Mtaniambia madereva wamepima. Wamepima nini? Lori la tani 56 likipanda mlima Kitonga kuelekea Tunduma, halafu lilelile likirudi Dar es Salaam tupu. Tena siku ya kuweka dawa ndiyo siku mwenye lori alipobadilisha filta, akamwambia dereva kwamba safari hii mafuta yatahesabiwa.

Kuhusu uchakachuaji sitakaa sana: vinasaba vilianza kuwekwa kwenye mafuta Tanzania mwaka 2010, kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa mwaka uliofuata, yote kuwabana wanaochanganya mafuta ya taa na dizeli. Niseme tu kwamba dizeli iliyochanganywa mafuta ya taa haiponi kwa chupa.

Adui ninayemwogopa mimi ni maji. Fundi mmoja wa pampu huko Mbeya alinifungulia kitenganisha maji cha lori ambalo kwenye kabati lake kulikuwa na chupa za dawa zimepangwa safu. Alimimina yaliyomo kwenye chupa ya jamu. Chini yalitulia maji ya rangi ya chai, juu dizeli, na katikati, pale vinapogusana, utando mweusi mzito uliovutika kama bamia. Ule ni ukungu hai: huishi kwenye maji na kula dizeli. Nozeli za lori lile zilikuwa na kutu, na nafasi kati ya sindano na ala yake ni maikromita chache tu. Mwenye lori alinunua chupa kila safari, lakini koki ya kutolea maji ilikuwa imeganda kwa kutofunguliwa.

Nakiri kwamba visafisha nozeli vilivyopimwa vizuri vina kazi katika injini mpya zenye shinikizo la baa 2,000 na zaidi. Majaribio yake nimeyasoma na nayaheshimu. Hata hivyo mahali pake ni bohari, chini ya mtu mwenye maabara. Ninachowaomba EWURA, wadhibiti wa nishati, na TBS, shirika la viwango, ni kuchapisha kipimo cha kovu kwa kila shehena ya dizeli inayoshushwa bandarini, namba moja tu, hadharani. Na wenye malori naomba wamlipe utingo kitu kidogo cha kufungua ile koki kila alfajiri, kabla injini haijawashwa.