Kasi ya Ubongo na Haki ya Mtoto Mchanga



Johannes Müller, mwanafiziolojia mkubwa wa Berlin, aliamini kwamba huenda binadamu asipate kamwe njia ya kupima kasi ya ujumbe unaopita kwenye neva. Mwaka 1850 aliyekuwa mwanafunzi wake, Hermann von Helmholtz, akaipima. Alichukua msuli wa mguu wa chura pamoja na neva yake, akaishtua neva kwa umeme karibu na msuli, kisha mbali kidogo, akalinganisha muda ambao msuli ulichukua kujikaza. Tofauti ilikuwa ndogo mno, lakini ilipimika. Ujumbe ulikwenda takriban mita 27 kwa sekunde, yaani mwendo wa gari dogo kwenye lami nzuri.

Kwa binadamu kasi hazilingani. Mtu akijikwaa kidole cha mguu kwenye jiwe, kwanza husikia maumivu makali ya ghafla. Halafu, baada ya kama sekunde moja, huja yale ya kuunguza, yanayokaa. Jeraha ni moja, ila habari zake zimepita njia mbili: nyuzi za neva zenye kasi ya mita 5 hadi 30 kwa sekunde, na nyuzi nyembamba ambazo mara nyingi hazizidi mita 2. Nyuzi zinazotuarifu viungo vyetu viko wapi hufika hata mita 120.

Siri ya nyuzi zenye kasi ni utando wa mafuta uitwao mayelini. Umeviringishwa tabaka juu ya tabaka kuuzunguka uzi, na kila baada ya kipande huacha mwanya mdogo, ule ambao Mfaransa Louis-Antoine Ranvier aliueleza katika miaka ya 1870. Ishara huruka kutoka mwanya hadi mwanya. Ngisi hana mayelini. Ili awahi kumkimbia adui amelazimika kuwa na uzi mnene unaoweza kukaribia milimita 1, na bado kasi yake ni kama mita 25 tu. Sisi tunaipita mara nne kwa uzi wa milimita 0.02.

Je, kasi hii inaweza kuongezwa? Joto huiongeza. Ndiyo maana mtaalamu anayepima neva za mkono huupasha mkono kwanza, kwani kila nyuzijoto moja inayopungua huondoa karibu mita 2 kwa sekunde. Lakini ubongo haupashwi moto. Homa ya nyuzijoto 41 huleta kuchanganyikiwa na degedege. Kunenepesha nyuzi nako kuna gharama. Ukitaka kasi maradufu kwenye uzi wenye mayelini, unene nao uwe maradufu, na nafasi inayochukuliwa inakuwa mara nne. Fuvu la kuubeba ubongo huo lingepita wapi wakati wa kuzaliwa?

Hata tungeweza, faida ingekuwa ndogo kuliko tunavyodhani. Mkimbiaji wa mita 100 anayeondoka kabla ya sekunde 0.100 tangu mlio wa bastola huhesabiwa ameanza vibaya. Ishara kutoka ubongoni hadi msuli wa chini ya goti huchukua kama milisekunde 30 tu. Muda mwingi unaobaki huliwa na makutano ya seli, na uamuzi, na msuli wenyewe kujikaza.

Tena ubongo haujali kasi peke yake. Unajali ishara zifike kwa wakati wake. Sauti inayotoka ubavuni hufika sikio moja chini ya milisekunde 1 kabla ya jingine, na kwa pengo hilo tunajua aliyetuita yuko upande gani. Ukiharakisha njia ya sikio moja pekee, umeharibu hesabu yote.

Kwa hiyo simwambii mtu mzima mwenye afya kwamba iko dawa ya kuufanya ubongo wake ukimbie. Kahawa humwondolea usingizi; haiongezi mwendo wa ishara kwenye nyuzi. Ila pale mayelini ilipoharibika, mambo hubadilika. Kuna ugonjwa ambao kinga ya mwili huishambulia mayelini ya mtu mwenyewe. Mwaka 2017 watafiti wa San Francisco waliwapa wagonjwa 50 wa aina hiyo klemastini, dawa ya zamani ya mzio. Ishara kutoka jichoni ziliwahi kwa wastani wa milisekunde 1.7. Ni kidogo, na dawa iliwachosha wagonjwa, lakini kwangu mimi ni habari kubwa: njia iliyokwisha kupunguza mwendo iliongezewa mwendo.

Hata hivyo kazi kubwa zaidi iko kwa watoto. Neva za mkono wa mtoto mchanga huenda kwa nusu tu ya kasi ya mtu mzima, kwa kuwa mayelini bado inajengwa. Ujenzi huo unahitaji madini ya chuma. Nchini Chile, watafiti waliwabandika elektrodi kichwani watoto wa miezi 6 waliokuwa na upungufu wa damu kwa kukosa chuma, wakawasikilizisha milio mifupi, wakapima muda wa ishara kupita kwenye shina la ubongo. Ishara zilichelewa. Watoto wakatibiwa kwa chuma. Lakini walipopimwa tena wakiwa na miaka 4, ucheleweshaji ulikuwa bado upo. Madini joto nayo ni lazima, kwani homoni ya tezi ya shingo ndiyo inayoziagiza seli kutengeneza mayelini. Kwa hiyo kazi ya chumvi yenye madini joto si kuzuia rovu tu.

Basi wanaouliza kama ubongo unaweza kuongezewa kasi nawapeleka wodi ya wazazi. Shirika la Afya Duniani linaelekeza kitovu kisibanwe kabla ya dakika 1 kupita, ili damu ya kondo imwingie mtoto pamoja na chuma chake. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2018 ulisubiri dakika 5, na katika miezi 4 watoto hao walikuwa na akiba kubwa zaidi ya chuma, na mayelini zaidi katika sehemu kadhaa za ubongo. Wakunga na wauguzi mlio humu ukumbini, kusubiri huko hakuhitaji mashine wala bajeti. Nawaombeni sana msubiri, na wakuu wa wodi wasiwaharakishe.