Mkebe Mmoja wa Usiku na Moyo Wako



Leo siasa tuiweke kando kidogo. Nataka tuzungumze juu ya hicho kilicho mkononi mwako: kile kinywaji cha kuongeza nguvu, hii tunayoiita enaji kwa mkato. Nenda maskani yoyote Mombasa saa tano za usiku, utaikuta. Kijana wa boda anataka kufika asubuhi macho yakiwa wazi. Mwanafunzi ana mtihani kesho. Mchezaji wa timu ya mtaa anapiga moja kabla ya mechi. Si kilevi, haina harufu, mzazi akiiona hasemi kitu. Ndiyo maana imeingia nyumbani bila hodi.

Sasa hebu tuelewane kwanza. Neno "nguvu" pale kwenye mkebe linachanganya watu. Kafeini haikupi nguvu. Ubongo wako una kemikali inayojikusanya kutwa nzima na kukuambia: umechoka, kalale. Kafeini inaikalia nafasi ile kemikali, ujumbe haufiki. Uchovu uko palepale, wewe tu ndiye usiyeusikia. Ni kama kukata waya wa kengele ya moto ukadhani moto umezima.

Na huko chini moyo unasukumwa. Shinikizo la damu linapanda, mapigo yanaweza kwenda mbio au kurukaruka. Moyo unaendeshwa na umeme wake wenyewe, na baada ya kila pigo lazima ujipange upya kabla ya pigo linalofuata. Mwaka 2019 watafiti Marekani walichukua vijana na watu wazima 34, wenye afya zao, wakawanywesha karibu lita moja ya enaji kwa muda wa saa moja. Walipowapima, muda wa moyo kujipanga ulikuwa umerefuka, na saa nne baadaye ulikuwa bado haujarudi kawaida. Shinikizo la damu nalo lilipanda. Muda huo ukirefuka kupita kiasi, umeme wa moyo unaweza kuvurugika na mtu akaanguka ghafla. Utafiti mwingine kabla ya huo, wa 2017, ulilinganisha enaji na kinywaji chenye kafeini kiasi kilekile lakini bila vile viungo vingine. Enaji ndiyo iliyorefusha muda ule zaidi. Kwa hivyo anayekwambia "ni sawa tu na kahawa ya baraza" mwambie apunguze mwendo. Kahawa yenyewe unainywa kwa kikombe kidogo, moto, polepole, na hadithi juu. Mkebe baridi mtu anaumaliza kwa mikupuo mitano.

Sikwambii kwamba mkebe mmoja utakuua. Mtu mzima mwenye afya akinywa mmoja mara mojamoja, mara nyingi hapati neno. Ninachoogopa mimi ni hesabu yetu ya usiku. Nyingi ya hizi zina miligramu 32 za kafeini kwa kila mililita 100. Mkebe mdogo wa 250 una 80, mkubwa wa 500 una 160. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilisema mwaka 2015 kwamba mtu mzima asipite 400 kwa siku, wala 200 kwa mara moja. Kwa watoto na vijana, miligramu 3 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Mdogo wako wa kilo 50, basi, mwisho wake ni 150. Mkebe mmoja mkubwa tu ushampitisha. Na kafeini haitoki haraka: baada ya kama saa tano nusu yake bado imo mwilini. Ukinywa ile 160 saa nne usiku, saa tisa alfajiri bado unayo 80.

Sukari sitaisema sana, mnaijua. Mkebe mkubwa wenye gramu 11 kwa kila mililita 100 ni vijiko kama kumi na vinne vya chai.

Lakini kubwa zaidi kwetu hapa Pwani ni huu mchanganyiko wa muguka na enaji. Muguka na miraa zina kathinoni, na kathinoni peke yake inapandisha mapigo na shinikizo la damu. Halafu juu yake unamimina kafeini, hujala tangu mchana, hujalala. Unaukanyagia moyo mafuta kwa miguu miwili. Anayefanya hivi usiku sita kwa wiki kwa sababu bosi wa pikipiki anataka pesa yake asubuhi, mimi siwezi kumcheka. Tatizo lake linaanzia kwenye ile hesabu ya bosi.

Na kuna wale wenye kasoro ya moyo wasiyoijua. Afrika Mashariki tuna ugonjwa wa valvu za moyo unaoanzia kwenye koo la utotoni lisilotibiwa. Mtu anacheza mpira miaka kumi, hajui. Ukiwahi kuzimia ukikimbia, au kifua kinabana, au kuna jamaa yako aliyekufa ghafla angali kijana, usiguse hizi kitu kabisa. Nenda hospitali, waambie wakupime umeme wa moyo. Kipimo hakiumi.

Lithuania ilikataza kuwauzia walio chini ya miaka 18 mwaka 2014, Poland ikafuata 2024. Hapa kwetu, Katiba kifungu cha 46 kinampa mnunuzi haki ya habari na haki ya kulindwa afya yake. Anzieni hapo. Mwenye duka jirani na madrasa au shule, mwendeeni kwa adabu, muombeni asiwauzie watoto. Wengi watakubali, wana watoto pia.

La mwisho ni la wachezaji. Mwenzenu akianguka uwanjani, haitiki wala hapumui sawasawa, msimmwagie maji. Mmoja apige simu 999 au atafute gari, mwengine aweke viganja katikati ya kifua, akandamize kwa nguvu na haraka, kama mara 100 hadi 120 kwa dakika, na asiache mpaka msaada ufike. Mkichoka pokezaneni.