Mfungo Unaomfikia Jirani: Mada kuhusu Kufunga katika Maisha ya Kiroho ya Wakristo wa Kisii na Nyamira

Mfungo, katika mapokeo ya Kikristo, ni tendo la mwamini kujinyima chakula, chote au sehemu yake, kwa muda uliowekwa, ili apate kusali, kutubu na kumhudumia mwenzake. Sehemu mbili za kwanza za fasili hii zinafahamika vyema katika makanisa ya Gusii, ambako ni nadra kupita mwezi bila tangazo la kufunga na kuomba. Ya tatu ndiyo inayoachwa mara kwa mara, na kwa kuachwa huko mfungo hubaki kuwa njaa yenye ratiba. Mada hii, iliyoandaliwa kwa semina ya viongozi wa makanisa, inashikilia kwamba mfungo hupata maana ya Kikristo pale chakula kisicholiwa kinapokuwa na mahali kinapokwenda, na pale mwenye kufunga anapojua mapema saa ya kufungua na kwa nini amefunga.

Gusii, eneo linalozungumziwa hapa, ni kaunti mbili za Kisii na Nyamira, ambazo kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2019 zilikuwa na wakazi 1,266,860 na 605,576. Ukristo uliingia hapa muda mfupi kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Wamisionari wa Mill Hill wakijenga kituo cha Kikatoliki huko Nyabururu na Waadventista Wasabato wakianzisha chao Nyanchwa, vituo viwili ambavyo mtu anaweza kuvitembelea vyote kwa siku moja bila kutoka nje ya viunga vya mji wa Kisii. Baadaye walifika Walutheri, Wapentekoste na makanisa mengine mengi. Kwa sababu hiyo, katika familia moja ya Wagusii inawezekana baba akawa Mkatoliki, mkewe Msabato na kijana wao mshirika wa kanisa la Kipentekoste, na wote watatu wakafunga, kila mmoja kwa siku zake na kwa kanuni zake, wakiwa wanakula kwenye meko yale yale.

Kanuni za Wakatoliki ndizo zilizoandikwa kwa ukamilifu zaidi. Katika Kwaresima, yaani siku arobaini za toba kabla ya Pasaka, sheria ya Kanisa inawataka waamini wafunge Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, kufunga kukiwa na maana ya kula mlo mmoja kamili pamoja na chakula kidogo asubuhi na jioni, mpaka uliowekwa na Papa Paulo VI mwaka 1966. Wanaowajibika kufunga ni wenye umri kuanzia miaka 18 hadi mwanzo wa mwaka wa sitini, na wenye miaka 14 na kuendelea huwajibika kujinyima nyama. Hapa panahitaji kusemwa jambo moja waziwazi: kwa familia nyingi za Gusii, kuacha nyama Ijumaa hakugharimu chochote, kwa kuwa nyama haikuwepo Alhamisi wala haitakuwepo Jumamosi. Mezani kuna obokima, yaani ugali, hasa ule wa wimbi, na pembeni yake chinsaga au rinagu, mboga za kienyeji ambazo pwani zingeitwa mgagani na mnavu. Kinachoweza kumgharimu Mgusii ni chai ya maziwa yenye sukari, pombe, soda, na bando la simu. Sheria ya Kanisa yenyewe inawapa maaskofu wa nchi nafasi ya kuamua namna nyingine za toba mahali pa kujinyima chakula, kwa hiyo katekista anayewaambia wanajumuiya wake waache chai ya maziwa badala ya nyama ambayo hawana anakuwa karibu na nia ya sheria kuliko anayekariri maneno yake.

Waadventista hawana Kwaresima, lakini wana mfungo. Kila Januari kanisa lao ulimwenguni hufanya siku kumi za maombi ambazo kwa kawaida huhitimishwa na Sabato, na makanisa mengi hutenga siku za kufunga kabla ya ubatizo, kabla ya uchaguzi wa viongozi au kabla ya makambi, mikutano ya juma zima ambayo waumini huhudhuria kila mwaka. Mafundisho yao juu ya afya yamewafanya wawe na uangalifu ambao madhehebu mengine yangeweza kuuazima: mfungo unaweza kuwa wa chakula chepesi kisicho na viungo vingi, matunda au mboga peke yake, na mwili unahesabiwa kuwa amana ambayo mwamini ataulizwa habari zake. Ugumu wao uko kwingine. Sabato ni siku ya furaha ambayo chakula chake hupikwa Ijumaa, siku ya maandalio, na mara nyingi huliwa kwa pamoja kanisani baada ya ibada. Mfungo unapoangukia Sabato, mlo huo wa pamoja hufutwa, na anayekosa zaidi ni mjane au mwanafunzi wa kupanga ambaye huo ndio ulikuwa mlo wake wa uhakika wa juma. Hakuna ubaya kufunga siku hiyo, ila chakula cha Ijumaa kingepikwa vilevile na kupelekwa kwa hao.

Katika makanisa ya Kipentekoste mfungo unaojulikana zaidi ni ule wa siku ishirini na moja unaoanza mwaka, ambao msingi wake ni majuma matatu ya maombolezo ya nabii Danieli. Wanaousoma mlango huo wa kumi kwa makini huona kwamba Danieli aliacha chakula kitamu, nyama na divai. Haielezwi kwamba aliacha kula kabisa. Hata hivyo mfungo huu umezoea kupandishwa daraja kuwa mfungo mkavu, yaani usio na chakula wala maji, na mfano unaotolewa ni wa Esta, ambaye mfungo wake ulikuwa wa siku tatu tu na ulikuwa na kusudi lililotajwa kwa jina. Tena Januari ndio mwezi wa karo na sare za shule, na ghala nyingi huwa zimepungua baada ya sikukuu. Mzazi ambaye angelala njaa hata bila tangazo hilo anaambiwa kwamba njaa yake ni sadaka, na aliyekula vizuri Desemba anaambiwa vivyo hivyo, kana kwamba wawili hao wametoa kitu kimoja.

Kuna jambo zito zaidi ambalo semina ya Kisii na Nyamira haiwezi kuliruka. Katika mlango wa hamsini na nane wa kitabu cha Isaya, Mungu anaukataa mfungo wa watu wanaofunga huku wakigombana na kupigana ngumi, na anaeleza mfungo anaoutaka: kufungua vifungo vya uovu, kumgawia mwenye njaa chakula, kumwingiza nyumbani asiye na makao, na kutojificha mbele ya ndugu wa damu. Maneno hayo yanasomwa sana katika makanisa ya hapa, lakini mifungo mingi inayotangazwa ni ya maombi ya vita, ya kuvunja laana za ukoo na kumwangusha adui, na adui huyo, ambaye mimbarani hana jina, hupata jina akifika kijijini. Huwa ni mwanamke mzee, mara nyingi mjane, anayeishi peke yake kwenye kipande cha ardhi ambacho wengine wanakitamani. Mnamo Oktoba 2021 wanawake wanne wazee waliuawa huko Marani, Kaunti ya Kisii, kwa tuhuma za uchawi, na hawakuwa wa kwanza katika Gusii. Haidaiwi hapa kwamba mauaji hayo yalitokana na mfungo. Kinachodaiwa ni kwamba mtu aliyekaa siku tatu bila kula, akiambiwa usiku na mchana kuwa kuna mtu karibu naye anayemloga, hatoki kwenye mfungo huo akiwa na moyo laini, na kiongozi anayeuendesha hivyo anautengeneza ule ule mfungo wa ngumi alioukemea Isaya.

Dawa ya hali hiyo ilikwisha kuandikwa zamani. Katika Mchungaji wa Herma, kitabu cha Wakristo wa Roma cha karne ya 2 ambacho kilisomwa sana katika Kanisa la kwanza, mwenye kufunga anaelekezwa aonje mkate na maji tu, kisha apige hesabu ya gharama ya chakula ambacho angekila siku hiyo, na kiasi hicho akitoe kwa mjane, yatima au mhitaji. Hesabu hiyo inafanyika Gusii bila shida. Kaya ya watu sita hutumia takriban kilo moja ya unga kwa ugali wa mlo mmoja, ambayo ni nusu ya gorogoro, lile kopo la kilo mbili linalopimia nafaka sokoni Daraja Mbili na Keroka. Jumuiya ndogo ndogo ya kaya ishirini ikiacha mlo mmoja wa mchana inakuwa na gorogoro kumi za unga, na gorogoro kumi zinamtosha mzee mmoja kwa zaidi ya mwezi. Akipelekewa unga huo na wale wale waliokuwa wakipita mbele ya boma lake bila kumsalimu, wakaingia, wakaketi, wakamwita mama na kunywa strungi yake, itakuwa vigumu kwa kijana wa kijiji kumgeuza kuwa mchawi Jumapili inayofuata. Kwa namna hii mfungo unamlinda mtu kwa macho ya watu kuona.

Suala la mwili nalo linataka busara. Mchumaji chai wa Nyansiongo au Kebirigo huingia shambani alfajiri akiwa na kikapu mgongoni, huchuma majani mawili na chipukizi mpaka mchana, kisha hubeba mzigo wake hadi kituo cha kupimia, na hulipwa kwa kilo. Mfungo wa kuanzia asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni haumpati yeye kama unavyompata karani wa ofisini, kwa maana unamla nguvu na ujira kwa pamoja. Tangazo moja kwa wote halitendi haki, na kwake yeye huenda kujinyima kunakofaa kukawa ni kwa siku ya mapumziko. Wajawazito, wanaonyonyesha, watoto, wenye vidonda vya tumbo na wenye kisukari wanaotumia insulini hawapaswi kufunga bila ushauri wa mhudumu wa afya, na hakuna mtu anayepaswa kuambiwa aache dawa za shinikizo la damu au za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI kwa sababu yuko kwenye maombi. Mtume Paulo mwenyewe, katika safari ya baharini iliyosimuliwa katika Matendo ya Mitume, aliwasihi watu waliokaa siku kumi na nne bila kula kwamba wale kwa ajili ya usalama wao, akatwaa mkate, akashukuru, akala mbele yao. Kisa hicho hakihubiriwi mara nyingi.

Tangu mwaka 2023 Mkenya hawezi kuzungumza juu ya mfungo bila kuukumbuka msitu wa Shakahola katika Kaunti ya Kilifi, ambako miili zaidi ya 400 ilifukuliwa, mingi ikiwa ya watu waliokufa kwa njaa, watoto wakiwemo. Mhubiri Paul Mackenzie, anayedaiwa kuwaagiza wafunge, alifikishwa mahakamani na akakana mashtaka. Jopokazi lililoundwa baada ya mkasa huo, likiongozwa na Kasisi Mutava Musyimi, lilikabidhi ripoti yake kwa Rais mwezi Julai 2024. Makanisa ya kawaida yalijibu kwa kusema kwamba ule haukuwa Ukristo, na jibu hilo ni la kweli lakini halitoshi, maana huenda waliofia huko walikuwa wamezoeshwa tangu makanisani kwao kutouliza. Mfungo uliagizwa bila mwisho, ukafanywa mbali na jamaa, ukawekwa chini ya sauti ya mtu mmoja, na hakuna jirani aliyefaidika nao. Kinyume chake, Mfalme Daudi alipofunga kwa ajili ya mtoto wake mgonjwa, watumishi walikuwapo, wazee wa nyumba walimsihi ainuke, na mtoto alipofariki aliinuka, akaoga, akala.

Wajumbe wa semina hii, wawe makatekista, wazee wa kanisa, mashemasi au wachungaji, wanaombwa basi wasitangaze mfungo wowote katika kaunti hizi mbili kabla ya kuandika kwenye daftari la kanisa mambo manne: siku na saa ya kufungua, walioruhusiwa kula, kusudi lisilotaja adui, na jina la boma ambalo chakula kitapelekwa. Wakatoliki waanze Jumatano ya Majivu ijayo, Wasabato katika siku kumi za Januari, na wengine katika mfungo wao wa kwanza wa mwaka. Na boma la kwanza katika orodha liwe la yule mama mzee ambaye kijiji kimeacha kumtembelea.