Vitufe vya Mkato na Jina la Mama Yangu

Hotuba iliyotolewa mjini Babati mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa



Nimeombwa niseme juu ya kompyuta, na najua baadhi ya vijana wanacheka moyoni: mzee huyu atatufundisha nini? Basi nitasema jambo moja tu ninalolijua, maana limenilisha na limenitia aibu pia. Ni vitufe vya mkato tunapoandika kwa kompyuta.

Nilipoanza kazi ya karani mpiga chapa mwaka 1979, Babati yetu ilikuwa bado ndani ya Mkoa wa Arusha. Kompyuta tulikuwa tukiisikia tu, kwa sababu mwaka 1974 Serikali ilikuwa imepiga marufuku kuziingiza nchini, pamoja na televisheni. Sisi tulikuwa na taipureta, karatasi za kaboni na stensili. Ukikosea kwenye stensili unapaka dawa, unasubiri ikauke, ndipo unapiga tena. Ndiyo maana tulifunzwa kupiga chapa bila kutazama vidole. Macho yalikaa kwenye rasimu, mikono ikakaa kazini.

Kompyuta ilipotufikia, wenzangu wengi waliiacha mikono yao wakashika mausi. Kila jambo likawa ni kusogeza mshale, kufungua orodha, kutafuta neno, kubonyeza. Mimi nikauliza: hakuna njia ya kufanya haya bila mkono kuondoka kwenye kibodi? Ipo. Ukishikilia Ctrl ukabonyeza C, unanakili. X inakata, V inabandika, Z inatengua ulilokosea, na S inahifadhi. Vijana, hiyo S muipige kila mmalizapo aya. Umeme ukikatika haubishi hodi.

Desturi hii ina historia. Miaka ya 1970, katika maabara ya kampuni ya Xerox huko California, Larry Tesler na Tim Mott walitengeneza programu ya uandishi iliyoitwa Gypsy, na humo ukaingia mtindo wa kukata na kubandika tunaoutumia mpaka leo. Ukitazama kibodi utaona Z, X, C na V zimepangana safu moja chini kushoto, karibu na Ctrl. Lakini nyingine zimefuata Kiingereza tu. S ni ya neno lao la kuhifadhi, P ni ya kuchapisha. Katika Word ya Kihispania, kuhifadhi ni Ctrl na G, kwa sababu wao husema guardar. Nasi mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye orodha za Kiswahili. Nayasema haya ili mjue kwamba vitufe hivi ni mapatano ya watu tu, na mapatano hubadilishwa.

Sasa nije kwenye aibu zangu.

Ya kwanza ilikuwa ofisini. Niliambiwa nibadilishe jina la shahidi, Ali, liwe Salimu, katika taarifa ndefu. Nikapiga Ctrl na H, nikaamuru yabadilishwe yote kwa mara moja, nikahifadhi, nikafunga, nikaenda kunywa chai. Kumbe Ali yumo ndani ya Serikali, yumo ndani ya mali, yumo hata ndani ya Mwalimu! Kama faili lingekuwa bado wazi, Ctrl na Z ingeniokoa. Nilikesha nikisahihisha. Mkato ni mzuri, lakini haraka ya mkono isiitangulie akili. Siku hizi naweka kwanza alama ya kutafuta maneno kamili peke yake.

Aibu ya pili ni nzito zaidi. Mimi ni Mrangi. Mama yangu alipofariki nilikuwa nimekwisha staafu, na ndugu wakaniambia, wewe ndiye karani wetu, andika wasifu wake kwa lugha yake. Lugha yetu ina irabu saba, na mbili kati yake huandikwa kwa herufi zilizokatwa mstari, ɨ na ʉ. Jina la lugha yenyewe ni Kɨlaangi. Kila nilipofika kwenye herufi hiyo nilishika mausi, nikafungua orodha, nikafungua jedwali la alama, nikatafuta, nikachagua, nikafunga. Ukurasa wa kwanza nilivumilia. Wa pili nikachoka, nikaanza kupiga i na u za kawaida. Nikajisemea, watu wataelewa.

Shangazi aliisoma karatasi siku ya msiba, akaniita pembeni. Akaniuliza, "Mwanangu, huyu uliyemwandika hapa ni nani?" Sikuwa na jibu. Jina la mama yangu nilikuwa nimelikosea kwa kuchoshwa na mausi.

Jioni ile nilifanya jambo la dakika tano ambalo ningelifanya mapema. Katika Word ukifungua Insert, kisha Symbol, kisha More Symbols, utaona chini kitufe kilichoandikwa Shortcut Key. Nilichagua ɨ nikaipa Alt na I. Nikachagua ʉ nikaipa Alt na U. Nikaandika wasifu wote upya, na mikono haikuondoka kwenye kibodi hata mara moja. Nakala ile ndiyo iliyobaki nyumbani kwa shangazi.

Kwa kazi nyingine, fungua File, Options, Customize Ribbon, na chini utaona mahali pa kupangia vitufe upendavyo. Soma kwanza kama mpangilio unaoutaka una kazi tayari, usije ukaua ulio wa lazima. Mipango hiyo hukaa katika kompyuta ile ile, haikufuati. Kwa hiyo usibadilishe kompyuta ya duka la stesheneri pale stendi, wala ya shule, mwenzako atapotea. Huko andika 0268 kisha piga Alt na X, utapata ɨ. Kwa ʉ andika 0289.

Ndugu zangu, funzo langu ni hili. Jambo linalotaka hatua saba, mtu huliacha, hata akilipenda. Babati hii ina Wagorowa, Wairaqw, Warangi na wengine wengi, na kila mmoja ana jina linalotaka kuandikwa sawasawa. Jiulizeni ni kitu gani mnakiacha kwa uchovu, kisha kipeni kitufe chake.