Arbuni ya Nyumba Isiyojengwa ni Haki ya Nani?



Mnakumbuka jinsi habari za gesi asilia zilivyopandisha bei za viwanja hapa Mtwara, hasa kati ya mwaka 2010 na 2013. Katika pupa kama ile, mtu huchukua fedha za korosho za misimu miwili akalipia arbuni ya nyumba iliyo kwenye karatasi tu. Miaka hupita, msingi ukaota nyasi. Akidai chake huambiwa kwamba arbuni hairudishwi. Je, kauli hiyo ni sahihi?

Neno arbuni limetoka katika Kiarabu, na hukumu yake imejadiliwa tangu zama za wema waliotangulia. Wanazuoni wengi, akiwemo Imamu Shafii ambaye madhehebu yake yameenea katika mwambao huu, waliona uuzaji wa arbuni haufai. Basi kwao muuzaji hana haki ya kubaki nayo. Imamu Ahmad aliuruhusu, akitegemea habari ya nyumba ya Safwan bin Umayya iliyonunuliwa Makka kwa ajili ya Sayyidna Umar (r.a.). Baraza la Fiqhi ya Kiislamu la Jeddah nalo liliuruhusu mwaka 1993, kwa sharti kwamba muda uwekewe mpaka. Lakini zingatieni: hata anayeruhusu humwachia muuzaji arbuni pale mnunuzi anapoghairi. Hakumruhusu muuzaji avunje ahadi kisha ale fedha. Kwa kauli zote mbili, nyumba isipojengwa kwa kosa la mjenzi, arbuni ni ya mnunuzi.

Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, haiko mbali na hapo. Kwa kifungu cha 55, ikiwa muda ndio kiini cha makubaliano na umepita, aliyeahidiwa aweza kuuvunja mkataba. Ikiwa muda si kiini, atabaki na haki ya fidia tu. Kwa hiyo, tarehe ya kukabidhiwa nyumba iandikwe, na iandikwe kwamba ni sharti la msingi.

Aliyekwisha kulipa akusanye mkataba na stakabadhi, adai kwa barua yenye tarehe, na abaki na nakala iliyosainiwa. Akikubali kuongeza muda, aandike kwamba hajasamehe fidia. Suluhu itangulie, ikishindikana, aende mahakamani kabla ya miaka 6, kwani baada ya hapo dai la mkataba hufungiwa mlango. Adai rasilimali yake na hasara aliyoipata kweli, wala asidai riba.

Tumtofautishe pia aliyekwama na mwenye uwezo anayezungusha watu. Wa kwanza apewe muhula kwa maandishi. Wa pili ni dhalimu, hata akiwa wa safu ya kwanza msikitini.

Nanyi mnaopokea fedha za watu, jueni kuwa deni halifi kwa mwenye kudai kuchoka. Allah atujaalie tuwe wenye kutekeleza ahadi. Amin.