KUSI SI AJALI: MAZUNGUMZO JUU YA KUISHI KWA KUSUDI

Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Kaole, Bagamoyo



Kusini ya mji wa Bagamoyo, mwendo wa kilomita 5 hivi, yapo magofu ya Kaole: misikiti miwili na makaburi ya mawe, mengine yakiwa na nguzo ndefu. Karne nyingi kabla ya Bagamoyo kupata sifa, Kaole ulikuwa mji wa biashara ya bahari, na vyombo vya kaure vya Kichina vilivyopatikana humo ni ushahidi wa jambo hilo. Leo asimamaye penye magofu hayo haoni bandari. Huona mikoko na matope, na maji yako mbali. Mikoko yenyewe haina lawama, maana ndiyo kinga ya pwani na malezi ya kamba wachanga. Lakini haikuota kwa usiku mmoja. Iliota mche baada ya mche, na siku yoyote ile mtu angetazama asingeona tofauti na jana.

Mazoea ya mwanadamu huota vivyo hivyo. Hakuna mvuvi aliyeamka asubuhi akaazimia kuwa mdeni maisha yake yote. Alikopa wavu kwa tajiri mara moja, akakubali kumwuzia samaki kwa bei aliyoitaja tajiri mwenyewe. Kusi lilipovuma akakopa tena, safari hii unga na ada ya mtoto. Mwaka wa pili hakuuliza tena bei. Mwaka wa tano akawa anasema kwamba ndivyo bahari ilivyo. Hapo ndipo mtu huyo ameacha kuishi kwa kusudi. Anaishi leo kwa sababu ya jana.

Fikra ya kwanza inayohitaji kubadilika ni ile isemayo kwamba riziki ya bahari haipangiki. Ni kweli, hakuna ajuaye wavu utatoka na nini. Lakini kila mtoto wa pwani ajua kwamba kusi litakuja, na kwamba kati ya Juni na Agosti ngalawa zitalala mchangani siku nyingi. Kusi si ajali. Jambo linalokuja kila mwaka kwa wakati wake halistahili kuitwa msiba. Ni jambo la kuwekewa akiba.

Tarehe 28 Mei 1969, Mwalimu Nyerere alipoueleza mkutano wa TANU Mpango wa Pili wa Miaka Mitano, hotuba yake iliitwa Kupanga ni Kuchagua. Maneno hayo yalielekezwa kwa taifa zima, lakini yafaa vilevile kwa nyumba moja. Anayechagua jambo moja huacha jingine, na asiyetaka kuacha chochote hajapanga. Aghalabu mwanachama husema ameazimia kuweka akiba, lakini hakutaja atakachopunguza. Azimio la namna hiyo huishia mdomoni.

Je, watu wazima huweza kweli kubadili mwenendo? Historia ya nchi hii yajibu kwamba huweza. Mwaka 1973 iliendeshwa kampeni ya Mtu ni Afya, ambayo ilidumu majuma 12 na kushirikisha watu wapatao milioni 2. Walikutana kwa vikundi vidogo, wakasikiliza redio, wakasoma kijitabu, wakajadiliana, kisha wakakubaliana la kutenda: kuchimba choo, kufyeka majani, kufukia madimbwi ya mbu. Kusikiliza redio peke yake hakukuchimba choo hata kimoja. Kilichochimba vyoo ni watu kukubaliana mbele ya majirani juu ya kazi inayoonekana kwa macho.

Wafumaji wa Rochdale, Uingereza, waliofungua duka lao la ushirika mwezi Desemba 1844, walifuata njia hiyo hiyo. Walikuwa maskini waliozoea kununua kwa mkopo. Walichangishana kidogo kidogo kila juma mpaka wakapata mtaji, kisha wakaweka kanuni ngumu: duka halikopeshi. Bila shaka kanuni hiyo iliwauma wao wenyewe kwanza, lakini ndiyo iliyowatoa katika minyororo ya wenye maduka.

Basi mwanachama wa Kaole aanzie wapi? Jambo la kwanza ni kujua. Kwa mwezi mmoja aandike kila shilingi iingiayo na itokayo, bila kuficha na bila kujilaumu. Jambo la pili ni kuchagua badiliko moja tu, dogo, lenye mahali na wakati. "Nitaweka akiba" ni maneno matupu. "Kila siku nitakayouza samaki, kabla sijaondoka dikoni, nitampa mweka hazina shilingi 2,000" ni azimio. Chukuliwe mfano wa mvuvi auzaye samaki siku 20 kwa mwezi: huwa ameweka shilingi 40,000, na toka Desemba hadi Mei shilingi 240,000. Kusi litamkuta na unga wake. Jambo la tatu ni kulitamka azimio hilo mbele ya kikundi. Jambo la nne ni kurudi kila mwezi kuhesabu. Aliyeshindwa asiaibishwe, bali aulizwe kilichomzuia, na azimio lipunguzwe hadi liwezekane. Mama akaangaye samaki huenda akaanza na shilingi 500. Haba na haba hujaza kibaba.

Katibu naye hakusazwa. Katibu aliyezoea kuazima fedha za chama "kwa siku mbili tu" anaotesha mkoko wake mwenyewe. Na azimie kusoma hesabu hadharani kila mwezi, hata pasipo mtu wa kuuliza. Mwanachama hatatoa fedha yake dikoni ikiwa hajui inalala wapi.

Yafaa kukumbuka kwamba tarehe 14 Mei 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa kwa amri ya Serikali, kazi zao zikapewa vijiji na mamlaka za mazao. Sheria ya mwaka 1982 iliruhusu vyama kuundwa upya, na sheria inayotumika sasa ni ile ya mwaka 2013. Sheria yaweza kurudisha jina la chama, muhuri wake na ofisi yake. Haiwezi kurudisha tabia ya mwanachama kuhudhuria mkutano, kuuliza hesabu na kuleta akiba yake kwa wakati. Tabia hizo hujengwa na wenyewe.

Ndugu makatibu, katika mkutano ujao kila chama kitenge nusu saa, na kila mwanachama ataje badiliko lake moja. Katibu aliandike mbele ya jina lake, pamoja na kiasi na siku, na lisomwe tena mwezi unaofuata. Daftari la shilingi mia chache latosha kwa kazi hiyo. Kusi halitangoja.