Ghala Limejaa, Mtoto Amedumaa

Msikilizaji, Iringa inalisha watu. Mahindi yake yanafika Dar es Salaam, mchele wa Pawaga unasifika, na jirani zake wa Njombe wanatuletea viazi mviringo na parachichi. Huko huko Iringa, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta karibu watoto 57 katika kila 100 wenye umri chini ya miaka mitano wamedumaa. Njombe na Rukwa waliodumaa walikuwa kama nusu ya watoto. Wastani wa nchi nzima ulikuwa 30 katika kila 100.

Takwimu hizi zikitoka, lawama humwangukia mama: eti hajui lishe. Mimi sikubali.

Itazame siku yake msimu wa palizi. Anaamka saa kumi na moja, anachota maji, anakoroga uji wa sembe, anashika jembe. Mtoto wa mwaka mmoja anabaki na dada yake wa miaka saba na kikombe cha uji. Saa sita uji umeshaganda. Maharage yamo ndani, karanga zimo, ila hakuna wa kuwasha moto. Mama akirudi na kusonga ugali, mtoto keshalala. Na tumbo la umri huo ni dogo, linataka chakula mara tatu, nne kwa siku. Hata ukimpa ugali mwingi jioni, hawezi kula wa siku nzima kwa mkupuo.

Zamani angekuwepo mtu wa kumlisha. Sensa ya 2022 ilituhesabu milioni 61.7, kutoka milioni 44.9 mwaka 2012. Lakini wastani wa watu katika kaya umeshuka, kutoka 4.7 hadi 4.3. Nchi imejaa, nyumba zimepungukiwa mikono. Binti ambaye angembeba mdogo wake yuko Dar es Salaam, analea mtoto wa watu. Bibi naye, hasa Njombe ambako Ukimwi uliacha yatima wengi, ana wajukuu wengine wanaomtegemea. Na baba? Baba yupo, ila kulisha mtoto tumemwambia si kazi yake. Fikra hiyo tuiache kabisa.

Siku 1,000 za mwanzo, tangu mimba hadi miaka miwili, zikipita vibaya, kuzirudisha ni vigumu mno. Serikali imeziagiza halmashauri zitenge shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano kwa ajili ya lishe. Naomba fedha hiyo, wakati wa palizi na mavuno, ipike uji wa karanga saa nne asubuhi kijijini, mahali ambapo akina mama wanaacha watoto wao kwa mtu mzima anayelipwa.

Waheshimiwa madiwani, bajeti mnaijadili wakati huohuo wa palizi. Kabla hamjainua mikono kuipitisha, ulizeni fungu la lishe ni kiasi gani, na lini mara ya mwisho lilifika kijijini likiwa chakula, si semina.